Nairobi hadi New York bila kusimama: mlima ambao ndege inaubeba kabla hata haijapaa Embakasi

Ukitaka kuelewa hii stori anza na pakiti ya krispi. Mjomba wangu wa Mombasa akija kututembelea Nairobi na basi la usiku huwa analetea watoto krispi za dukani, zile zimefungwa kiwandani, na zikifika asubuhi zimevimba kama mpira. Mara ya kwanza mtoto wangu alikataa kuzila. "Babu, hizi zimeharibika?" "Hazijaharibika mjukuu wangu, ni hewa ya huku kwenu haina nguvu." Na mzee yuko sawa kabisa. Hewa ilifungiwa ndani ya hiyo pakiti huko chini, basi likapanda Voi, Mtito, Emali, mpaka huku kwetu zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya nje ikawa haisukumi vya kutosha kuizuia ile ya ndani, ndio pakiti ikatuna.

Sasa shika hiyo pakiti mkononi alafu fikiria ndege ya tani 200 na kitu, imejaa mafuta ya kuvuka Afrika na bahari ya Atlantiki, inataka kuinuliwa na hewa hiyo hiyo isiyo na nguvu. Hicho ndio kisa ninachotaka tukichambue leo, safari ya Kenya Airways ya Nairobi kwenda New York moja kwa moja, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018. Watu wengi wanaizungumzia kama stori ya bei ya tiketi na hasara na siasa, na hayo yapo sawa, lakini mimi naona kitu kikubwa kwenye hii safari kimesahaulika, ni mahali mji wetu umekaa. Urefu wa Nairobi kutoka baharini unaingia kwenye hesabu ya hiyo ndege kila ikiondoka, na hakuna waziri wala meneja anayeweza kuufuta.

Tuanze na safari yenyewe. Kutoka Nairobi mpaka uwanja wa JFK ni karibu kilomita 12,000. Ratiba ya mwanzo ilikuwa inaondoka saa tano na dakika 25 usiku na kufika New York saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, kama masaa 15 hewani, alafu kurudi inatoka JFK saa sita na dakika 25 mchana inafika Nairobi siku ya pili saa tano kasoro dakika tano asubuhi. Marubani wanne wanapokezana. Ndege ni Boeing 787-8, ile tumeizoea kuiita Dreamliner, na kwenye kampuni yetu ina viti 234, 30 vya bizinesi na 204 vya kawaida. Kabla ya hapo ilibidi Kenya kwanza ipate kibali cha usalama cha daraja la kwanza kutoka kwa mamlaka ya anga ya Marekani, kilichopatikana Februari 2017, na hapo kila mtu akadhani kazi imeisha.

Ukisoma karatasi za Boeing utaona 787-8 inaweza kwenda kilomita 13,500 na ushee. Kwa hivo mtu anauliza, si 12,000 iko ndani, shida iko wapi? Shida ni kwamba hiyo namba ya karatasi inahesabu ndege imeondoka na uzito wake wote unaoruhusiwa, na hewani hakuna upepo. Nairobi hupati hiyo ya kwanza kirahisi, na ukielekea New York hupati kabisa hiyo ya pili.

Wacha nieleze hewa kwanza manake yote yanatoka hapo. Uwanja wa Jomo Kenyatta pale Embakasi, JKIA kwa kifupi, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, futi 5,330 kwa lugha ya marubani. Msukumo wa hewa pale ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Mombasa. Usiku ukiwa na baridi ya nyuzi 15 uzito wa hewa nao ni karibu hiyo 82 ya ule wa usawa wa bahari kwenye nyuzi hizo hizo 15, mchana jua likipiga nyuzi 25 unashuka unakaribia 80. Maana yake ni kwamba kila ndoo ya hewa ambayo bawa linaikanyaga ina karibu moja ya tano imepungua. Bawa linabeba ndege kwa kuisukuma hewa chini, sasa kama hewa ni pungufu lazima lipite kwenye hewa nyingi zaidi kwa sekunde moja, yaani lazima liende kasi zaidi. Ndege ambayo usawa wa bahari, kwenye nyuzi 15, ingeinuka kwenye kilomita 300 kwa saa, Nairobi usiku itataka kama 331, mchana kama 337. Inasikika kidogo eti, kilomita 31 tu. Lakini nguvu ya kukimbiza kitu inapanda kwa mraba wa spidi, kwa hivo hiyo nyongeza ndogo inadai nguvu zaidi ya asilimia 20 juu, na ukitaka kusimama ghafla breki nazo zinameza hiyo asilimia 20 yote kama joto.

Alafu injini nayo inakula hewa hiyo hiyo. Yaani wakati bawa linaomba spidi zaidi, injini inasema mimi leo nina pumzi kidogo. Tairi pia zina kikomo chake cha spidi, nyingi za ndege kubwa zimepimwa mpaka kama kilomita 378 kwa saa, na hiyo ni spidi ya kweli juu ya lami, tairi haijali sindano ya rubani, ile inayopima spidi kwa msukumo wa hewa, inasema nini.

Kina mama wa Nairobi wanaijua hii hewa tangu zamani bila hizi namba zote. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, hayafiki 100, ndio maana maharagwe yanakawia jikoni na mtu akitoka Pwani anashangaa mbona githeri inapikwa mpaka makaa yanaisha. Hewa iliyovimbisha krispi ndio inachelewesha maharagwe, na ndio inaacha kargo nyuma pale uwanjani.

Sasa kwani nani aliweka mji mkuu huku juu? Hakuna aliyekaa chini akachagua mji. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa mwisho wa Mei 1899, maili 327 kutoka pwani, na wajenzi walisimama kwa sababu hapa ndio palikuwa tambarare ya mwisho. Mbele yao kulikuwa na kupanda kwenda Kikuyu na Limuru, zaidi ya mita 2,000, alafu ukingo unaangukia Bonde la Ufa. Walitaka mahali pa kupanga mabehewa, kutengeneza injini na kuweka stoo kabla ya kuanza hiyo shughuli nzito. Wamaasai walikuwa wanapaita mahali pa maji ya baridi, na maji yalikuwepo kweli, manake ilikuwa kinamasi. Kiafya ilikuwa mbaya, tauni ilipiga mwaka 1902 ikarudi 1904, kukawa na maneno ya kuuhamisha mji. Haukuhamishwa. Baridi ya huku iliwafaa wakoloni, malaria ilikuwa kidogo ukilinganisha na Mombasa, na makao makuu ya utawala yakaletwa huku. Kwa hivo mji ulizaliwa na mlima, treni ilikuwa inapumzika ikapumzika milele.

Na ukishajua hivo angalia mji wenyewe umekaaje. Nairobi imelala kama meza iliyoinamishwa, upande wa magharibi juu na upande wa mashariki chini. Ukitoka Karen na Dagoretti ambako ni kama mita 1,800, ukashuka mjini, ukapita Makadara, ukafika Embakasi, umeshuka karibu mita 200. Mito yote, Nairobi, Ngong, Mathare, inakimbia kuelekea mashariki. Huko juu udongo ni mwekundu, maji yanaingia ardhini, miti mikubwa, nyumba inashika vizuri. Huko chini ni udongo mweusi ule wa kunata, mvua ikinyesha unavimba, jua likitoka unapasuka, msingi wa nyumba unahangaika. Wazungu walijitengea huko juu, Upper Hill, Muthaiga, Karen, Waafrika wakasukumwa chini, Pumwani, Muthurwa, Kaloleni, Makongeni. Mpaka leo mafuriko yakija ni rahisi kujua yataanzia wapi, na mimi hii hunikera kila msimu wa mvua za masika ninapoona watu wanalaumiwa eti wamejenga mtoni, wakati ramani ya nani akae juu na nani akae chini ilichorwa kabla babu zao hawajapewa kipande cha kuingia mjini.

Uwanja wa ndege nao ukapelekwa chini. Na hapa, kwa upande wa ndege peke yake, ilikuwa ni uamuzi wa akili. Zamani ndege kubwa zilikuwa zinatua Eastleigh, na ndege ndogo Wilson, ambao mpaka leo upo na uko mita 1,690 hivi, juu kuliko JKIA. Uwanja mpya ukajengwa Embakasi, ukafunguliwa mwaka 1958. Pale ndipo ardhi ya karibu na mji iko chini zaidi, tambarare ya Athi imefunguka, vilima vya Ngong vyenye mita 2,460 viko mbali upande wa kusini magharibi, na njia ya kurukia imeelekezwa kaskazini mashariki ambako upepo unatokea siku nyingi. Ndege ikikimbia upande huo inaupokea upepo usoni na mbele yake nchi inateremka, si kupanda. Kama ungepewa ramani ya Nairobi yote utafute mahali ambapo mlima unakuadhibu kidogo zaidi, kidole chako kingeishia pale pale.

Lakini siwezi kupita hapo bila kusema nani alichimba. Udongo mweusi huwezi kumwaga lami juu yake, lazima uutoe wote mpaka ukutane na kitu kigumu, ujaze mawe. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono na wafungwa wa vita vya ukombozi, watu wa Mau Mau waliozuiliwa kambi za Embakasi. Kila ndege inayoondoka pale inakimbia juu ya jasho lao, na kwenye uwanja mkubwa kama ule ningependa kila abiria alione hilo limeandikwa mahali pa wazi anapongojea kupanda.

Njia yenyewe leo ina urefu wa mita 4,117. Linganisha na ya Dar es Salaam, mita 3,000, na Dar iko mita 55 tu kutoka baharini. Hiyo kilomita ya ziada ni mlima umegeuzwa kuwa lami. Denver kule Marekani wako karibu sawa na sisi, mita 1,655, na njia yao ndefu zaidi ni mita 4,877. Johannesburg wako 1,694 na wana mita 4,421.

Haya, turudi kwenye ile ndege ya saa tano na nusu usiku, tufanye hesabu ya mkono, namba nimezungusha ili iwe rahisi. Dreamliner ya aina hii ikiwa tupu, na viti vyake na wahudumu na vyombo vya chakula, ni karibu tani 120. Mafuta ya masaa 15 pamoja na akiba ni tani 80 na kitu. Abiria 234, kila mmoja na mabegi yake tumuweke kilo 100, ni tani 23 na ushee. Jumlisha, umeshafika kati ya 223 na 228. Kikomo chake cha kuondokea, mahali popote duniani, ni tani 228 hivi. Yaani hata ingekuwa inaondokea ufukweni Mombasa nafasi iliyobaki ni ya kubana, hujaweka boksi moja la kargo. Sasa Nairobi inakuja na hewa yake inasema hiyo 228 hapa kwangu haipo, kata. Hata ukikatwa tani 5 peke yake, hiyo ni watu 50 na mabegi yao. Na kila saa moja hewani inakula kama tani 5 za mafuta, kwa hivo usiku ambao upepo wa mbele umeongeza nusu saa tu kwenye safari, umebeba tani mbili na nusu zaidi za mafuta, na hizo zinatolewa wapi? Kwenye mafuta hauwezi kupunguza, kwenye chuma cha ndege hauwezi, inabaki kargo na watu.

Upepo wa mbele ndio ninaosema haukosi. Huko juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo mkubwa unatoka magharibi kwenda mashariki, kwa hivo kwenda Marekani ndege inakwenda mbisho, kama wanavyosema mabaharia wa Pwani, na kurudi inapigwa mgongoni. Ndio unaona kwenda ni masaa 15 na kurudi 14. Sisi tukapata yote mawili upande mmoja, safari iliyo ndefu zaidi ndio inaanzia uwanja ulio juu zaidi. Ingekuwa kinyume, New York ndio iko mlimani na Nairobi iko baharini, hakuna mtu angejua hii shida ipo. JFK iko mita 4 kutoka baharini na njia yake ndefu inapita mita 4,400, ndege inajaza kila kitu inaondoka.

Kuna kitu kingine ambacho watu wengi wanakikosea, na mimi pia nilikaa nacho miaka nikidhani ni urefu wa lami tu. Sheria haiulizi kama ndege inaweza kupaa injini zote zikiwa nzima. Inauliza, je, injini moja ikifa wakati umeshafika ile spidi ambayo huwezi tena kukanyaga breki, hii nyingine moja itakupandisha? Kwa ndege ya injini mbili, magurudumu yakishakunjwa lazima iweze kupanda angalau mita 2.4 kwa kila mita 100 inazokwenda mbele, kwa injini moja. Huku juu hiyo injini moja iliyobaki inapumua hewa pungufu na bawa linaelea kwenye hewa pungufu, kwa hivo mara nyingi kinachokukata uzito ni huko kupanda, na lami inakuwa imebaki ya kutosha chini yako. Lami ndefu inasaidia kwa njia ya mzunguko, unaacha ndege ikimbie zaidi ya inavyohitaji, iondoke na spidi ya ziada, na hiyo spidi unaigeuza kuwa kupanda. Ila hapo tairi zinakukumbusha kikomo chao. Kwa hivo kila tani inayoruhusiwa kuondoka Embakasi imebanwa na vitu vinne au vitano kwa wakati mmoja, ukilegeza kimoja cha pili kinashika.

Saa ya kuondoka nayo ina maana yake. Usiku wa nyuzi 15 na mchana wa nyuzi 25 pale pale uwanjani ni kama viwanja viwili tofauti, mchana ule ndege inahisi iko kama futi 7,800, usiku kama 6,600. Tofauti ya futi 1,200, na hujasogeza uwanja hata hatua moja. Ratiba inapangwa pia kwa ajili ya watu wanaounganisha kutoka Dar, Entebbe, Kigali, lakini hata kama sababu ingekuwa hiyo peke yake, baridi ya usiku inakuja kama zawadi. Nenda ukasimame upande wa barabara ya Mombasa karibu na saa sita usiku uone ndege nzito inavyoondoka. Inakimbia, inakimbia, unafika mahali unajiuliza mbona haiinuki, taa zinapita, alafu pua inaanza kunyanyuka polepole sana, na ikishaondoka haipandi kwa haraka, inajikokota juu ya tambarare kuelekea Kitui huko kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mahindi.

Mwaka 1974 ulionyesha kwa uchungu jinsi huu urefu unavyonyima watu nafasi ya kukosea. Septemba mwaka huo jumbo, yaani Boeing 747, ya British Airways ilikuwa inakuja kutua Nairobi, muongozaji wa ndege akawapa marubani ruhusa ya kushuka mpaka futi 7,500, wao wakasikia na kuweka 5,000. Sasa fikiria vizuri. Uwanja wenyewe uko futi 5,330. Walikuwa wanashuka kwa utulivu kabisa kuelekea urefu ulio chini ya ardhi. Marubani waliokulia London au Amsterdam, futi 5,000 kwao ni bado juu sana, hakuna kitu kichwani kinachopiga kelele. Waliiona ardhi wakavuta juu, ndege ikiwa imebaki na kama futi 70, mita 21 hivi, kutoka chini.

Miezi miwili baadaye, tarehe 20 Novemba, jumbo ya Lufthansa iliyokuwa inaelekea Johannesburg iliondoka Embakasi asubuhi ikiwa na watu 157. Vile vibawa vya mbele vya kusaidia kuinuka vilikuwa vinasukumwa na hewa kutoka kwenye injini, na valvu za hiyo hewa hazikuwa zimefunguliwa, kwa hivo havikutoka. Ndege iliinuka, ikatetemeka, ikakosa kupanda, ikaanguka zaidi kidogo ya kilomita moja kutoka mwisho wa njia. Watu 59 walifariki, 98 wakapona. Ilikuwa ajali ya kwanza ya vifo kwa ndege za aina ya 747. Kosa lilikuwa ni zile valvu na kukosekana kwa onyo la kumshtua rubani, sio mlima. Lakini bawa lililopungukiwa na msaada wake likiwa kwenye hewa iliyopungukiwa na uzito, umebaki na nini mkononi? Ndio maana mimi nikisikia abiria anakasirika eti kwa nini mzigo umeshushwa na anaona nafasi ipo, namuelewa hasira yake, lakini naomba zile kilo ziachwe.

Kama unataka kuona mlima ukishinda kabisa nenda kwa jirani zetu Addis Ababa. Uwanja wao wa Bole uko mita 2,334. Ethiopian wana ndege nyingi na uzoefu mwingi, lakini kwa miaka wakienda Washington walikuwa wanasimama Dublin, wakienda Newark wanasimama Lomé, alafu kurudi kutoka Washington wanakuja Addis moja kwa moja bila kugusa chini. Hiyo peke yake ni picha kamili ya haya yote. Ndege inaondoka nyumbani na mafuta kidogo kwa sababu nyumbani ni juu, inashuka mpaka karibu na bahari, inajaza, inaendelea. Na uwanja wao mkubwa mpya wa karibu na Bishoftu wameuweka chini kuliko Bole. Kigali, mita 1,491, nao wanaijua hii hewa.

Kwa hivo Kenya Airways walikuwa na njia mbili, wasimame mahali fulani Afrika Magharibi wajaze, au waende moja kwa moja na wakubali kuacha vitu nyuma. Walichagua ya pili, na mimi kwa maoni yangu walichagua sawa kwa abiria. Anayelipa pesa nyingi kwenda New York analipia zile saa anazookoa, ukimshusha Dakar saa tisa usiku umemnyang'anya kitu alichonunua. Lakini uamuzi huo ulihitaji kuambiwa wananchi wazi toka mwanzo, kwamba kwenda na kurudi sio safari moja iliyogeuzwa, kwamba viti vya kwenda vina gharama tofauti na vya kurudi, kwamba kargo ya kwenda itakuwa kidogo. Badala yake tulisherehekea, tukapiga picha, alafu namba za hasara zilipoanza kutoka kila mtu akatafuta mwizi. Wezi wa kawaida sitawatetea, lakini kuna kipande cha hiyo hesabu ambacho hakiibiwi na mtu.

Kitu kimoja kizuri cha hiyo ndege, na nakipenda kwa sababu kinafunga na sisi watu wa huku juu. Ndani ya ndege nyingi za zamani hewa inawekwa iwe kama uko futi 8,000. Dreamliner kwa sababu mwili wake ni wa nyuzi za kaboni inaweza kushikilia msukumo zaidi, hewa ya ndani haipiti ile ya futi 6,000. Hiyo ni mita 1,830, yaani Karen, Dagoretti huko. Mtu wa Nairobi anaweza kukaa masaa 15 juu ya bahari ya Atlantiki, nje ni baridi ya kuua, na mapafu yake hayajui kwamba ametoka nyumbani. Ila chupa ya maji aliyoifunga katikati ya safari akaisahau kwenye mfuko wa kiti, wakifika JFK itakuwa imebonyea kama imekanyagwa.

Na maua yetu pia yanafanya hiyo safari. Waridi za Naivasha zinapendeza kwa sababu Naivasha iko karibu mita 1,900, usiku baridi mchana jua, alafu zinaletwa Embakasi, zinapandishwa ndege kwenda Amsterdam, uwanja ambao uko mita 3 chini ya usawa wa bahari. Zinatoka kwenye hewa inayozifaa kukua lakini haifai kuzibeba.

Nimalizie na Eldoret manake ndio mahali hii hesabu inahitajika sai kuliko hata JKIA. Uwanja wa Eldoret uko karibu mita 2,150, zaidi ya futi 7,000, na njia yake ni mita 3,500. Iko juu kuliko Nairobi kwa nusu kilomita na lami yake ni fupi kwa zaidi ya mita 600. Kila mwaka viongozi wa North Rift wanaomba njia irefushwe ili ndege kubwa za mizigo ziondoke zimejaa mboga na maua, na wakulima wa kule wana haki ya kuomba, mimi niko nao. Lakini kabla pesa ya lami haijatoka kuna swali moja la kuuliza kwanza, kila aina ya ndege inayotarajiwa pale inabanwa na nini, urefu wa njia au kule kupanda na injini moja kwenye hewa ya futi 7,000. Kama ni urefu, mwaga lami. Kama ni kupanda, utamwaga kilomita nzima na ndege bado itaacha tani zile zile chini, na hiyo karatasi ya majibu wenye ndege wanayo, ni ya kuombwa tu, uwanja kwa uwanja, nyuzi kwa nyuzi za joto, kabla tingatinga halijafika.